Asumini: Majibu kwa Waulizaji wa Jina Hili

*Natarajia mtoto wa kike na mama mkwe anataka aitwe Asumini. Ni ua tu, au lina maana zaidi? (Mama mtarajiwa, Tanga)*

Ni ua, lakini kwa watu wa pwani ua hilo lina kazi zake. Asumini ni jeupe, dogo, hufunguka jioni na kunukia usiku kucha. Ndiyo maana huchumwa alasiri lingali tumba, lije lichanue likiwa tayari kwenye nywele za mvaaji. Lamu, Mombasa na Unguja hutungwa koja, hufungwa pamoja na waridi, rehani na mkadi kuwa kikuba cha kuvaa kifuani, na hutandazwa kitandani kwa maharusi. Kwa hiyo mama mkwe anamtakia mjukuu unadhifu, mapenzi na nyumba inayonukia. Mimi ningemkubalia.

*Asili yake ni Kiarabu? (Msomaji, Malindi)*

Limetufikia kwa Kiarabu, *yasamin*, ila Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi. Mmea wenyewe, huu wa asumini yetu, kwao ni Asia ya Kusini. Umesafiri sana: Wachina hutia maua yake kwenye chai, na Wafilipino walilifanya ua la taifa mwaka 1934.

*Asumini, Asmini, Yasmini, Jasmine: ni majina tofauti? (Baba wawili, Morogoro)*

Ni jina lilelile. Chagua tahajia moja kabla ya kwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, na hiyohiyo itumike shuleni. Usumbufu wa kurekebisha vyeti baadaye mnaujua.

*Nimeambiwa halifai kwa sababu halimo kwenye Kurani. Kweli? (Bi harusi mpya, Pemba)*

Halimo, lakini kutokuwamo hakulifanyi jina kuwa baya. Kinachotazamwa ni maana njema. Ukipenda lililotajwa, Surat Ar-Rahman ina rehani katika aya ya 12, na aya ya 22 ina lulu na marijani kwa pamoja. Lulu linapendeza mno, kwa maoni yangu.

*Na mtoto wa kiume je? (Huyohuyo wa Pemba)*

Rehani na Marijani ni majina ya wanaume huku kwetu. Wapenzi wa dansi wanamkumbuka Marijani Rajabu wa Dar es Salaam, ambaye mashabiki walimpa na jina la pili la maumbile: Jabali la Muziki.