Singer ya zamani iliyokwama, na meza yake

Dada, kama gurudumu la hiyo mashini ya kushona ya Singer, ile ya miguu, halizunguki, usilitumie nguvu. Mara nyingi hakuna kilichovunjika: mafuta ya zamani yameganda kama gundi, hasa kama kuna aliyetia mafuta ya kupikia.

Toa sindano, fungua kibamba cha chini, vuta bobini (kile kidude cha uzi wa chini), uchungulie humo ndani. Kipande cha uzi kilichojikunja hapo kinatosha kuzuia mashini nzima. Kisha tia matone mawili matatu ya mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila kiungo kinachosogea, acha usiku kucha, halafu sukuma gurudumu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Likilegea, futa ule uchafu mweusi na utie mafuta ya mashini ya kushona, tone moja moja. Usiishie kwenye mafuta ya taa! Yanaosha tu, hayalindi, na chuma kitasagana.

Maua ya dhahabu yaliyo juu ya mashini usiyafute kwa alkoli: inayeyusha vanishi ya zamani, yanatoka na kitambaa.

Meza iliyovimba ngozi ya juu (ule ubao mwembamba uliogundishwa juu yake) kwa unyevu wa Bukavu, usiikimbilie kwa msasa. Ngozi hiyo mara nyingi haifiki hata milimita 1. Weka kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha pasi ya vuguvugu, gundi ya zamani ilainike, kisha kandamiza kwa uzito siku nzima. Palipokatika ndipo utie gundi mpya ya mbao.

Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ukiteleza, ufupishe sentimita 1 kwanza. Ukikaza mno, pedali inakuwa nzito.