Kwa unayeanza na DPPH: usisahau kyuveti ya pili

Mdogo wangu, ukikabidhiwa kupima antioksidanti za mimea utaanzia kwenye DPPH, radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) ambayo antioksidanti huizima, kama tulivyoanza sote. Miligramu 3.94 za unga wake kwenye mililita 100 za methanoli zinatosha: rangi ni zambarau iliyokolea, na ikikutana na fenoli, antioksidanti za mmea, inafifia hadi njano. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, inasoma kufifia huko kwenye nanomita 517. Funga chupa kwa foili maana mwanga unaiharibu, na usitumie iliyobaki jana.

Hayo yamo kwenye mwongozo. Lililonipotezea wiki mbili halikuwemo.

Nilipewa rosela, ile ya juisi nyekundu. Kila nilipoongeza dondoo, asilimia ya uzuiaji, yaani sehemu ya DPPH iliyofifishwa, ilishuka badala ya kupanda. Nikaishuku methanoli, nikaishuku pipeti, nikaenda kupima unga upya. Siku moja nikainua kyuveti, kile kichupa cha kusomea kwenye mashine, dirishani: si zambarau, si njano, ni wekundu mtupu. Kumbe anthosiyanini, rangi nyekundu za rosela, hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, palepale DPPH inaposomewa. Mashine haijui rangi ni ya nani.

Kwa hiyo kila kiwango cha dondoo kiandalie kyuveti ya pili, yenye dondoo lilelile na methanoli bila DPPH, kisha usomaji wake uutoe kwenye ule wa kwanza. Hiyo ya pili ndiyo blanki: viwango vitano, blanki tano. Inachosha, tena methanoli yenyewe hutolewa kwa kubembeleza, lakini ndivyo.

Karafuu ina vituko vyake. Yujenoli, fenoli yake kuu, hufanya kazi na DPPH polepole, hivyo ukisoma baada ya dakika 30 kwa mazoea utaipunja. Soma kila baada ya dakika kumi mpaka namba itulie.

Halafu kwenye ripoti usiniandikie "inakinga saratani". DPPH ni radikali ya naitrojeni, haimo mwilini mwa mtu. Superoksaidi, radikali iliyomo mwilini kweli, hujaigusa bado. Kule Finland wanaume wavuta sigara walipewa vidonge vya beta-karotini, nayo ni antioksidanti. Matokeo yaliyotoka 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu imezidi kwa waliomeza. Andika ulichokiona: dondoo limefifisha nusu ya DPPH kwa kiwango fulani, vitamini C kwa kiwango fulani, siku hiyohiyo, chupa hiyohiyo.