Baba kwa mfalme, mwana kwa Bunge

Umeuliza kama kweli vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyoanza 1642 kati ya mfalme na Bunge, viligawa hata watu wa nyumba moja. Ndiyo, tena vibaya. Mtazame Ralph Verney wa Claydon, Buckinghamshire. Baba yake, Sir Edmund, alishika bendera ya Mfalme Charles I akauawa kwenye mapigano ya Edgehill Oktoba 1642, ingawa moyoni hakuupenda ugomvi ule. Alisema amekula mkate wa mfalme karibu miaka 30, hawezi kumtupa. Ralph, mbunge wa Aylesbury, akabaki na Bunge. Mdogo wake, naye Edmund, akaenda kwa mfalme na kufia Drogheda, Ireland, 1649.

Mwaka 1643 Ralph alikataa kiapo cha Bunge cha muungano na Waskoti dhidi ya mfalme, akakimbilia Ufaransa, na Bunge hilohilo likazuia mali yake. Aliyeikomboa ni mkewe Mary: alirudi London 1646 akiwa mjamzito, akawafuata wakubwa mmoja mmoja mpaka wakaiachia. Kwangu mimi shujaa ni huyo mama. Alifariki Blois, Ufaransa, 1650, na Ralph hakuoa tena.

Ubaroneti, cheo cha kurithishana, Ralph alipewa na Charles II, mwana wa Charles I, mwaka 1661. Bungeni alirudi 1681, akiwa amepita miaka 60.