Mama anaolewa, na nyumba ya marehemu baba haijagawiwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni wa kwanza kwa mama, nina miaka 36, nimeolewa na naishi Dar es Salaam. Tumezaliwa watatu, wote wanawake. Baba alifariki miaka saba iliyopita, akaacha nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Tanga. Vyumba vinne wamo wapangaji, kila kimoja 40,000 kwa mwezi. Viwili wanakaa mama na mdogo wetu wa mwisho mwenye miaka 26. Mama ana miaka 58, anauza maandazi na mihogo barazani, na mimi humtumia 100,000 kila mwezi.

Mjomba alinipigia kuniambia posa imeletwa. Mposaji ni mwalimu mstaafu, mgane, wa Pongwe, na mama amekubali. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amepaka hina miguuni. Nikamwambia, "Mama, na mvi hizo?" Tangu siku ile ananijibu salamu tu.

Kubwa zaidi, mdogo wangu wa kati (31) amenifungulia siri kwamba ana mwaka mzima na kijana wa huyo mwalimu na wanataka kuoana. Wazazi wote wawili hawajui. Ananiomba nimzuie mama. Wa mwisho anasema mzee anaifuata nyumba, kwa sababu mama amesema bwana ndiye atakayehamia Ngamiani ili yeye asiache biashara. Kila asubuhi anajifunga kanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" na kupita nayo mbele ya mama.

Baba mdogo naye ametuma ujumbe kwamba mama akiolewa hana chake tena katika nyumba. Wazazi wa baba hawapo; amebakiwa na huyo mdogo wake na dada mmoja, wote tumbo moja. Mirathi hatujafungua. Mama anasema bati zote alizinunua yeye kwa pesa ya upatu. Nianzie wapi?

Dada Mkubwa

*

Marahaba mwanangu.

Anzia kwenye nyumba. Mirathi yake umeitaja mwishoni kabisa, mistari miwili, lakini ndiyo inayowagombanisha. Hata wa mwisho na kanga yake hagombi na mapenzi ya mama. Anagombea mlango atakaolala ndani yake mwakani.

Kabla ya hapo, la ndoa tulimalize maana ni fupi. Eda ya mjane, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ni miezi minne na siku kumi, na ya mama yenu ilikwisha zamani. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata huku pwani, mjane haozwi mpaka atamke ridhaa yake mwenyewe, na walii wake, yaani mwenye haki ya kumuoza, kama baba na babu hawapo, ni ndugu yake wa kiume. Kwa hiyo posa iliyokwenda kwa mjomba imekwenda panapostahili, na baba mdogo hana kauli juu ya ndoa ya mke wa marehemu kaka yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye. Inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe walau siku 21 kabla, na pingamizi linalosikilizwa ni lile lenye sababu ya kisheria. Mvi hazimo.

Sasa nyumba. Maneno ya baba mdogo si ya kweli, ila usimjibu kwa ujumbe wa simu. Fungu la mke katika mirathi ya Kiislamu linamthibitikia siku mume anapofariki. Akiolewa kesho, akiolewa mara tatu, fungu ni lake. Mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Mabinti wawili au zaidi, pasipo mtoto wa kiume, wana theluthi mbili kwa pamoja. Kinachobaki ni cha asaba, yaani jamaa wa karibu wa marehemu wanaochukua baki, na kwenu asaba ni baba mdogo na shangazi yenu, mwanamume akichukua mara mbili ya mwanamke.

Hapo ndipo mabinti wengi wanaposhtuka. Wamekua wakiamini nyumba ni "ya kwetu na mama", kumbe baba mdogo ana fungu lake humo tangu siku ya mazishi.

Tuseme nyumba imethaminiwa shilingi milioni 72, nimechagua namba inayogawanyika vizuri. Mama anapata milioni 9. Nyinyi watatu mnapata milioni 48, yaani 16 kila mmoja. Zinabaki 15: baba mdogo 10, shangazi 5. Jumla inarudi 72.

Lakini hesabu hiyo haianzi mpaka yatoke yanayotangulia: gharama za mazishi, madeni ya marehemu, na wasia kama upo, ambao hauzidi theluthi na haumhusu mrithi isipokuwa warithi wenzake wameridhia. Na kilicho mali ya mama mwenyewe si mirathi. Ndiyo maana habari ya bati ina uzito. Kama alizinunua kwa fedha zake na hakumpa baba kama zawadi, thamani yake inatolewa kwanza ndipo kilichobaki kigawanywe. Mtafuteni kijumbe, yaani aliyekuwa akikusanya fedha za ule upatu, angali hai, aeleze mama alipokea zamu mwaka gani na kiasi gani, muandike, atie sahihi. Risiti ya duka ikipatikana ndani ya sanduku ni bora zaidi. Mambo haya hupotea si kwa dhuluma, hupotea kwa sababu shahidi pekee alikuwa bibi wa jirani na bibi wa jirani kafa.

Na hofu ya kwamba mzee ataikomba nyumba? Ipimeni kwa shilingi. Ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu; hiyo imo katika sheria ile ile ya 1971. Mzee hamrithi baba yenu hata kidogo. Atakachoweza kurithi ni kwa mama, mama akitangulia, na mume wa mke mwenye watoto anapata robo. Robo ya milioni 9 ni milioni mbili na laki mbili na nusu. Mzee akitangulia yeye, mama yenu anapata thumuni ya mali ya Pongwe. Sioni mtu aliyekuja kuiba hapo.

Hatari ipo, lakini iko kwingine. Mzee akihamia Ngamiani kabla mirathi haijafungwa, atapaka rangi, atajenga choo kipya, ataweka mabati ya ua kwa pensheni yake. Baada ya miaka kumi na yeye atakuwa na risiti, na watoto wake watakuja na risiti hizo. Nyumba itakuwa na madai ya marehemu wawili. Kwa hiyo ombi lenu kwa mama liwe hili moja, nalo ni la haki: baada ya ndoa akalale Pongwe kwa mumewe, na biashara ibaki baraza ile ile. Daladala za Pongwe zinaingia mjini. Unga anaweza kuuumua wa mwisho usiku, mama akafika kukaanga. Wakishindwa na safari, mzee apange chumba mjini. Kumlaza mkewe ni wajibu wake, na mwalimu mstaafu analijua hilo. Mirathi ikiisha, mama akitaka kurudi na mume katika sehemu iliyo halali yake, hapo hakuna wa kumhoji.

Kufungua mirathi kwenyewe: mnahitaji cheti cha kifo, na kikao cha ukoo kinachoandikwa muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria na jina la msimamizi mliyempendekeza. Chukueni pia barua ya serikali ya mtaa. Mnapeleka Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, asipojitokeza msimamizi anateuliwa. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa awe amewasilisha fomu ya orodha ya mali na madeni, Fomu Namba V, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba VI. Jiandaeni kueleza kwa nini mlikaa miaka saba.

Wanapokosea watu ni kwenye muhtasari. Mnaona baba mdogo ana maneno, mnafanya kikao bila yeye, jina lake halionekani. Mwaka mmoja baadaye anakwenda kuomba usimamizi utenguliwe, na anashinda. Muiteni. Akikataa kuja, muandike kwamba aliitwa tarehe fulani na fulani akakataa. Kosa la pili ni kumwona msimamizi kama mwenye nyumba. Ni mtu wa kukusanya na kugawa tu, awe wewe au mjukuu wa shangazi.

Hamtaki kuuza? Basi nunueni fungu la baba mdogo na shangazi. Kwa mfano wetu ni milioni 5 kila dada, inalipika kwa awamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Kodi ya vyumba, 160,000 kwa mwezi, nayo ni ya warithi kwa mafungu yale yale. Ya miaka saba iliyopita msameheane na muandike kwamba mmesameheana, maana mama alimlea na kumsomesha wa mwisho kwa fedha hiyo. Kuanzia mwezi huu iwe na daftari. Katika 160,000 hizo, fungu la mama ni 20,000 tu. Kama mtamwachia na mafungu yenu, semeni ni zawadi.

Sasa mdogo wako wa kati. Anachoogopa hakipo. Mtoto wa mume wa mama si ndugu yake wa damu, wala si maharimu, yaani mtu ambaye ni haramu kuoana naye. Dini haiwakatazi kuoana, na Sheria ya Ndoa haiwataji kati ya wasiooana. Aulize jambo moja tu kwa wazee, kama hakuna mwanamke aliyewanyonyesha wote wawili. Atakayekuwa maharimu wake ni mzee mwenyewe, baada ya kumuingilia mama kwa ndoa. Hapo atakuwa baba yake wa kambo, na binti hatajifunika mbele yake kama mbele ya mgeni. Kijana hawi hivyo. Ndiyo sababu nyingine ya kutowakusanya wote Ngamiani: wachumba chini ya paa moja, na wapangaji wanne wanaochungulia.

Kinachoharibu ni siri. Mama akifunga ndoa leo, kesho akasikia sokoni habari ya binti yake na mtoto wa mumewe, ataona amechezewa na wote. Siri itoke kabla ya mahari kupokewa, na itoke pande zote mbili jioni moja. Kijana amwambie baba yake. Binti asimwambie mama uso kwa uso, si adabu yetu na atalia tu. Amtume mama mdogo au somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, aende baada ya magharibi biashara imefungwa. Maneno yawe mafupi: wanajuana tangu mwaka jana, kabla ya posa hii, wanataka kuoana, hawaombi mama avunje lake. Ile "kabla ya posa hii" isisahaulike.

Nani atangulie? Mama, posa yake imeshajibiwa. Mdogo wako asubiri miezi kadhaa, watu wale pilau mara mbili. Kijana asiyeweza kungoja hapo alikuwa na haraka nyingine.

Na hili mlishike sana: walii wa huyo wa kati, kwa kuwa baba na babu hawapo na hamna kaka, ni baba mdogo. Baba wa kambo hawi walii kwa kumuoa mama. Kwa hiyo yule yule mnayetaka kumfungia mlango kwenye nyumba ndiye mtakayemfuata na kanzu mpya akamuoze binti. Nendeni kwake mapema, mkiwa na hesabu ya mafungu mkononi na fungu lake limeandikwa. Mtu aliyeona milioni 10 zake kwenye karatasi hupunguza ujumbe wa simu.

Wewe sasa. Safiri Ijumaa, peke yako, mume abaki Dar es Salaam. Wewe na wadogo zako kaeni watatu kwanza, saa moja inatosha, mkubaliane maneno mawili tu ya kumpelekea mama: tufungue mirathi, na bwana asihamie mpaka imalizike. Ukifika kwa mama usianze na nyumba. Ulimwambia "na mvi hizo" mwanamke aliyekaa miaka saba bila hina. Mwambie umekosa, kwa maneno hayo hayo, bila "lakini". Kisha muulize shughuli ni lini na wewe unabeba nini, mchele au mbuzi. Ile 100,000 usiikate mwezi wa ndoa. Ni kweli matunzo yatakuwa juu ya mume, lakini ukiikata mwezi huo huo ataisoma kama adhabu, na itakuwa adhabu. Kama unataka kuipunguza, mzungumze baada ya miezi mitatu.

Ile kanga mdogo wenu asiitupe. Aifue, aikunje, aiweke chini ya sanduku. Wapangaji watakuwa na ya kusema mama akianza kulala Pongwe, na hapo ataihitaji.