Plasta ya Kichina kwenye ziwa lililovimba

SWALI: Dada mkunga shikamoo. Mi nina mtoto wa wiki sita, naishi Mbagala. Tangu juzi ziwa la kushoto limevimba, la moto, lina donge gumu karibu na kwapa na usiku natetemeka kwa homa. Wifi kaniletea plasta za Kichina za Kariakoo, nyeusi, zinanuka karafuu maiti, aliyemuuzia kasema zinavuta usaha na maziwa yaliyoganda. Nimebandika moja jana nikasikia ubaridi na nafuu kidogo. Mama mkwe naye anataka nikandwe maji ya moto na nisinyonyeshe upande huo, eti maziwa yameharibika. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maumivu hayo nayajua mpaka kwenye meno.

Kwanza ibandue hiyo plasta, sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, osha ngozi kwa maji na sabuni mpaka gundi na harufu viishe. Plasta nyeusi za kiasili za Wachina hupikwa kwa mafuta pamoja na unga mwekundu wa madini ya risasi, ndo unaozipa ule weusi na ule unato. Mtoto wako shavu lake linalala hapohapo na mdomo wake uko vidole viwili tu kutoka kwenye gundi! Karafuu maiti nayo mtoto mchanga akiimeza inaweza kumletea degedege. Ule ubaridi uliousikia ni wa kwenye ngozi tu, donge liko chini huko halijaguswa.

Sisemi hivi kwa kudharau dawa za Wachina. Dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati imetoka kwenye mmea wao, na mwanasayansi wao Tu Youyou akapewa Nobeli 2015 kwa kazi hiyo. Hata kwa ziwa wana jani lao la pugongying, wanaliponda bichi na kulibandika, karne na karne, ukoo mmoja na mchunga huu tunaoula na ugali. Lakini jani bichi lililopondwa nyumbani na plasta ya dukani isiyoeleza ndani kuna nini ni vitu viwili tofauti kabisa, na usaha ukishatunga hakuna plasta inayouvuta, unatolewa hospitali kwa sindano au kwa kupasuliwa kidogo.

Mama mkwe mheshimu, mgongo na kiuno akukande, ila ziwa aliache, maana kulibinya kwa nguvu na maji ya moto kunazidisha uvimbe. Weka kitambaa cha baridi, hata barafu ya mia tano iliyoviringwa kwenye kanga, dakika kumi hivi kisha pumzika.

Na maziwa hayajaharibika! Mtoto anyonye upande huo kama kawaida, hayamdhuru, hakikisha tu mdomo umemeza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi wake, akishika ncha tu, chuchu inachanika na bakteria wanapata mlango. Usikamue kupita anachohitaji mtoto, ukizidisha ndo maziwa yanazidi kuja na ziwa linazidi kujaa.

Ila homa ya kutetemeka tangu juzi, usisubiri wiki, nenda kituo cha afya leo. Waambie unanyonyesha, wakupime, wakiona ni bakteria watakupa antibayotiki zinazofaa kwa anayenyonyesha, uzimalize hata ukijisikia mzima siku ya tatu. Donge likianza kubonyea kama embe lililoiva, hapo usaha umetunga, lazima lipigwe ultrasaundi. Na ukimaliza dozi ziwa bado limevimba, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, rudi haraka na uwaambie wazi unataka kupimwa saratani pia, maana kuna saratani ya titi inayojifananisha na ugonjwa huu.

Hiyo pakti ya plasta usiitupe, itie kwenye mkoba uende nayo, daktari aone ulichokuwa umebandika hata kama maandishi yote ni ya Kichina.