Kikaratasi cha Lehmann kiliandikwa na nani?

SWALI: Kila mechi ikifika matuta, watu husimulia kikaratasi cha kipa Jens Lehmann wa Ujerumani, Kombe la Dunia 2006, kilichomwambia wapinzani hupigaje penalti. Nani alikiandika? Na sisi wa timu za mtaa tunaweza kuandaa chetu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni Andreas Köpke, kocha wa makipa wa timu ya taifa ya Ujerumani kuanzia Oktoba 2004 hadi 2021. Matuta aliyajua kwa mikono yake. Juni 26, 1996, nusu fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, akiwa kipa wa Ujerumani alipangua penalti ya sita ya Uingereza, ya Gareth Southgate. Andreas Möller akafunga, na siku nne baadaye Ujerumani ikabeba kombe. (Msimu huohuo klabu yake, Eintracht Frankfurt, ilishuka daraja. Kipa mmoja hazibi mashimo yote.)

Kikaratasi kiliandikwa kwa penseli, kwenye karatasi ya hoteli, kwa ajili ya robo fainali na Argentina mjini Berlin. Kilikuwa na majina saba ya wachezaji wa Argentina. Utamu wake ni kwamba Köpke hakuishia kutaja upande. Alitaja na dalili. Crespo: akitoka mbali, kulia; akitoka karibu, kushoto. Ayala: hutoka mbali, kulia. Kwa hiyo kipa habahatishi, anatazama hatua za mpigaji.

Lehmann alikificha ndani ya soksi. Waliopiga upande wa Argentina ni wanne, na kwenye orodha walikuwemo wawili tu, Ayala na Maxi Rodríguez. Ayala alizuiwa. Cambiasso hakuwemo kabisa, lakini Lehmann alikikunjua mbele ya macho yake, akakisoma taratibu, kisha akapangua. Ujerumani ikashinda 4-2.

Chenu kinawezekana. Mpeni mtu mmoja daftari, aandike kila penalti ya wapinzani wenu: jina au namba ya jezi, mguu anaotumia, umbali anaoanzia, upande, juu au chini. Penalti moja isiwadanganye. Subirini tatu nne za mtu yuleyule. Wengi huharibu kwenye neno "kulia": kulia kwa nani? Kubalianeni mapema kwamba ni kulia kwa kipa. Andikeni herufi kubwa, mstari mmoja kwa kila mpigaji, na kwa penseli, maana wino hutapakaa kwa jasho. Na kipa asitoke mapema kwa sababu tu anajua upande: mpira unapopigwa, angalau sehemu ya mguu mmoja iwe inagusa mstari, iwe sawa nao au nyuma yake, la sivyo akiokoa penalti inarudiwa.