Vitabu vya ufundi umeme nimpe nani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mstaafu, nilikuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge huku Muheza miaka 31. Nina makabati mawili ya vitabu vya kazi, vingine vya miaka ya 70, vya waya, vya mota, na manyuo za mashine, yaani vitabu vya maelekezo yake. Mama watoto kasema mchwa wakiingia ndani ni kwa ajili ya hayo makabati. Wanangu mmoja mwalimu mmoja anauza simu, hakuna anayevitaka. Nilivipeleka chuo kimoja nikaambiwa viache hapo getini, roho ikagoma nikarudi navyo. Sasa kuna kijana wa karanga anataka kuvinunua kwa kilo. Nifanyeje?
Mstaafu, Muheza

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huyo kijana wa karanga usimfukuze kwanza, ana fungu lake ntakwambia.

Ulichokosea ni kubeba vyote kwa mkupuo. Mtu wa getini akiona maboksi anaona mzigo tu, haoni kitabu. Vichambue kwanza, na uanze na vya waya maana hivyo ndo vina hatari. We unajua, enzi zenu laivu (waya wenye moto) nyekundu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) nyeusi, na kwenye fezi tatu (umeme wa nyaya tatu za moto) ni nyekundu, njano, bluu. Uingereza, ambako vitabu vingi hivyo vimetoka, walianza kubadili mwaka 2004 na kufika 2006 kazi mpya zote zikawa rangi mpya, laivu kahawia, nyutro bluu, na fezi tatu ni kahawia, nyeusi, kijivu. Sasa ona balaa lake, bluu ya kitabu chako ni fezi, bluu ya leo ni nyutro, halafu nyeusi iliyokuwa nyutro leo inaweza kuwa fezi inayokungoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishika kitabu hicho bila mtu wa kumwelekeza anaweza kufa, sitanii. Kwa hiyo vya kanuni za waya vya zamani baki na kimoja cha kumbukumbu, ukiandike kwa maka peni juu ya jalada RANGI ZA ZAMANI, vilivyobaki ni vya kuwashia jiko, au ndo fungu la kijana wetu.

Ila vya mota mzee, hivyo usivipime kwa kilo! Sheria ya Ohm haijabadilika, transfoma ni ile ile, na kitabu cha kuwaindi mota (kuisuka upya nyaya zake) chenye michoro ya koili na hesabu za sloti, ile mifereji ya kukalia koili, kijana wa karakana anakitafuta kama dawa. Piga picha jalada na ule ukurasa wenye mwaka na toleo, andika orodha, ndo uende nayo chuo cha ufundi cha VETA pale Tanga mkononi bila maboksi, uulizie mwalimu wa umeme mwenyewe (si mtu wa stoo, si mlinzi), achague anachotaka. Asivyochukua ulizia maktaba ya mkoa, nao pia kwa orodha.

Manyuo za mashine ni habari nyingine kabisa. Ya korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, haimsaidii mwanafunzi hata kidogo, lakini mashamba ya mkonge bado yapo na korona za zamani bado zinasaga, na fundi aliyeko huko pengine anabahatisha tu kwa sababu manyuo ilishapotea zamani. Mpelekee huyo. Kama shamba lenu la zamani bado linafanya kazi anzia hapo hapo.

Halafu najua kuna vitabu umeandika kwa penseli pembeni, mota fulani inachemka, fyuzi fulani usiiamini. Hivyo usivitoe kimya kimya, mwite huyo atakayepewa aje nyumbani anywe chai umsomee mwandiko wako maana mafundi nyie mwandiko wenu tunaujua.

Ukishapiga picha tutumie na sisi, kuna msomaji wetu wa Korogwe anawaindi mota, juzi tu alikuwa anaulizia kitabu.